Columbia, safari ya 28: kumbukumbu ya siku kwa siku

Saa zilizoandikwa humu ni za Florida kwa hesabu ya Kiswahili. Anayetaka saa za Afrika Mashariki aongeze 8: Columbia ilipaa saa 4:39 asubuhi kwao, kwetu ikiwa saa 12:39 jioni.

Columbia, chombo cha anga cha NASA (shirika la anga la Marekani), ndiyo iliyotangulia wenzake wote. Iliruka mara ya kwanza tarehe 12 Aprili 1981, na kwa kuwa ilikuwa nzito kuliko zilizofuata, haikutumiwa kujenga Kituo cha Kimataifa cha Anga. Ikaachiwa kazi za utafiti. Safari hii, iliyopewa namba STS-107, ilikuwa ya utafiti mtupu: majaribio kama 80, mengi yakiwa ndani ya SPACEHAB, chumba cha maabara kilichofungwa kwenye sehemu ya shehena na kuunganishwa na chumba cha wanaanga kwa njia ya kutambaa. Safari ilipangwa kuondoka mapema 2001, ikaahirishwa mara nyingi hadi 2003.

Waliokuwemo ni saba. Rick Husband, kamanda, kanali wa jeshi la anga, kijana wa Amarillo huko Texas. William McCool, rubani, afisa wa jeshi la majini. Michael Anderson, msimamizi wa shehena ya utafiti. Kalpana Chawla, mhandisi wa safari, mzaliwa wa Karnal, India, aliyekwisha kuruka na Columbia hiyo hiyo mwaka 1997. David Brown na Laurel Clark, wote wawili madaktari wa jeshi la majini. Ilan Ramon, kanali wa jeshi la anga la Israel na Mwisraeli wa kwanza kwenda angani. McCool, Brown, Clark na Ramon walikuwa hawajawahi kuruka.

Kazi ilikuwa ya usiku na mchana, kwa hiyo waligawanywa zamu mbili. Zamu Nyekundu ilikuwa na Husband, Chawla, Clark na Ramon. Zamu ya Bluu McCool, Anderson na Brown. Wa zamu moja wakiingia kulala, wa zamu nyingine wanapokea majaribio pale yalipoachwa.

Siku ya 1, Alhamisi 16 Januari 2003

Pedi 39A, Kituo cha Anga cha Kennedy. Tangi kubwa la nje lina karibu lita milioni 2 za haidrojeni na oksijeni, zote zikiwa kimiminika kwa baridi kali: haidrojeni nyuzi 253 chini ya sifuri, oksijeni nyuzi 183 chini ya sifuri. Bila kulihami, tangi hilo lingeganda barafu mwili mzima katika unyevu wa Florida, na vipande vya barafu vingeporomokea chombo wakati wa kupaa. Ndiyo maana linavishwa povu gumu la rangi ya chungwa.

Sehemu kubwa ya povu hilo ilipulizwa na mashine. Lakini pale juu, ambapo pua ya chombo imeshikwa kwenye tangi kwa miguu miwili ya chuma, umbo lilikuwa gumu kwa mashine. Fundi alipuliza kwa mkono, tabaka juu ya tabaka, kisha alilichonga kwa kisu mpaka litoke umbo la kabari la kukinga kila mguu. Ndani ya kabari hizo yalibaki mapovu ya hewa na nyufa ndogo kati ya tabaka, na hapakuwa na njia ya kuaminika ya kuzigundua bila kulikata povu lenyewe. Kabari ya kushoto ilikwisha kubanduka katika safari kadhaa huko nyuma, zikiwemo STS-7 ya 1983 na STS-112 ya Oktoba 2002, miezi mitatu tu kabla. Katika ile ya Oktoba kipande kiligonga roketi ya pembeni. Shauri likaandikwa, safari zikaendelea.

Saa 4:39 asubuhi Columbia inaondoka. Sekunde ya 82 hivi iko kilomita 20 juu, mwendo wake ni karibu mara mbili na nusu ya mwendo wa sauti. Kabari ya kushoto inabanduka. Kipande kikubwa kina urefu kati ya sentimita 53 na 68, upana kati ya 30 na 46, na uzito wa takriban robo tatu ya kilo.

Watu wengi walikwama hapa baadaye, hata wahandisi: povu jepesi namna hii livunje nini? Jibu liko kwenye mwendo. Kitu chepesi kikiachwa hewani kwa kasi ile, hewa hukishika na kukipunguza mwendo papo hapo. Chombo chenyewe hakipungui, kinazidi kuongeza. Kwa hiyo bawa ndilo lililolifuata povu na kuligonga, kwa tofauti ya mwendo wa kati ya kilomita 680 na 920 kwa saa. Pigo lilitua kwenye ukingo wa mbele wa bawa la kushoto, nusu ya chini ya paneli ya 8.

Kila bawa lilikuwa na paneli 22 za namna hiyo, zilizotengenezwa kwa kaboni iliyoimarishwa kwa nyuzi za kaboni, unene wake kati ya milimita 6 na 13. Zimetengenezwa zistahimili joto la zaidi ya nyuzi 1,500. Hazikutengenezwa kustahimili kugongwa. Nyuma yake kuna boriti ya alumini, na alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660.

Ndani ya chombo hakuna aliyehisi kitu. Dakika nane na nusu baada ya kuondoka injini zinazimwa, milango ya shehena inafunguliwa ili joto la mitambo litoke, SPACEHAB inawashwa taa. Zamu ya Bluu inapelekwa kulala mapema.

Siku ya 2, Ijumaa 17 Januari

Filamu za kupaa zimesafishwa usiku na kikundi cha kuchambua picha kinazitazama asubuhi. Kamera moja inaonyesha kitu kikubwa kikitoka kwenye tangi, kikipita chini ya bawa la kushoto, kisha wingu jeupe la unga. Pale kilipogonga hapaonekani. Kamera iliyokuwa na nafasi nzuri zaidi ilikuwa imefifia, haikulengwa sawasawa.

Wachambuzi hawakuwahi kuona kipande kikubwa namna hiyo kikigonga chombo. Siku hiyo hiyo mkuu wao, Bob Page, akamwomba Wayne Hale, meneja wa Kennedy, aangalie uwezekano wa kupata picha za bawa kutoka kwa jeshi, lenye setilaiti na darubini zenye uwezo huo. Hilo ni ombi la kwanza.

Jambo jingine la siku hii lilijulikana baada ya yote kwisha. Wataalamu wa jeshi la anga walipopekua rekodi za rada walikuta kitu kidogo kimejitenga na Columbia na kuelea pembeni yake. Kilizunguka dunia siku mbili tatu kikaungua angani. Ukubwa wake, na namna kilivyorudisha mawimbi ya rada, vililingana na kipande cha paneli ya ukingo wa bawa. Hakuna aliyekuwa akikitafuta.

Siku ya 3 hadi ya 5, 18–20 Januari

Wikiendi, na Jumatatu ilikuwa sikukuu ya Martin Luther King. Kamati ya uongozi wa safari haikukutana. Baadhi ya wahandisi walikuja kazini hata hivyo.

Walitumia programu iitwayo Crater, iliyoundwa kukadiria shimo litakalochimbwa na kitu kidogo kikigonga vigae vya kukinga joto vya chini ya chombo. Kipande kilichotumika kuisawazisha kilikuwa na ujazo wa inchi 3 za ujazo. Kabari iliyokuwa mezani ilikadiriwa inchi 1,920 za ujazo. Crater ilijibu kwamba shimo lingepita unene wote wa kigae. Kwa kuwa ilijulikana kuwa hutia chumvi, jibu lake likapunguzwa uzito. Kwa paneli za kaboni hapakuwa na programu ya povu kabisa, wakaazima hesabu za barafu: barafu ikigonga kwa pembe ya zaidi ya nyuzi 15, paneli inatoboka. Pembe ya povu ilikadiriwa kufika 21. Wakajipa moyo kwamba povu ni jepesi kuliko barafu.

Angani kazi inakwenda. Kwenye chemba ya mwako, gesi iliyochanganywa kwa kiasi kidogo sana cha haidrojeni inawashwa na kutoa miali ya duara, vijitufe vya moto visivyopanda juu kwa kuwa hewa moto haina mahali pa kupandia. Kila kimoja kilitoa nguvu ya karibu nusu wati. Mshumaa wa keki ya siku ya kuzaliwa hutoa kama wati 50. Kimoja kilidumu dakika 81. Chombo kilipaswa kutulia tuli wakati huo, kwani msukumo mdogo wa vijiroketi vya kujiweka sawa ulitosha kuvisogeza vijitufe mpaka ukutani vikazimika.

Ramon alikuwa na kamera ya vumbi. Jaribio la Israel liliitwa MEIDEX, na kazi yake ni kupima vumbi la jangwani linalopeperushwa kutoka Sahara juu ya bahari ya Mediterania na Atlantiki, ili kuona linavyobadili mvua na joto. Anga likiwa safi mchana, kamera ilielekezwa usiku kwenye dhoruba za radi, ikanasa miale myekundu inayochomoza juu ya mawingu kwa sehemu ndogo ya sekunde.

Palikuwa na wanyama pia: panya 13 wa utafiti, na majaribio ya wanafunzi wa nchi sita, kuanzia buibui wa Australia, nondo wa hariri wa China, samaki wadogo wa Japani hadi sisimizi wa Syracuse, New York. Wanaanga wanne walikuwa wenyewe sehemu ya utafiti wa mwili, wakitolewa damu na kukusanya mkojo kila siku. Mashine za kukausha unyevu ndani ya SPACEHAB zilisumbua, moja ikavuja maji, wakakausha kwa taulo na kurekebisha ubaridi kwa njia nyingine. Hiyo ndiyo hitilafu iliyowapotezea usingizi.

Siku ya 6, Jumanne 21 Januari

Ramon azungumza na Waziri Mkuu Ariel Sharon kwa video. Alikuwa amebeba kijitabu cha Torati kilichonusurika kambi ya mateso ya Wanazi ya Bergen-Belsen na nakala ya mchoro wa mandhari ya mwezi uliochorwa na Petr Ginz, mvulana aliyeuawa Auschwitz.

Houston, kwenye kituo cha kuongoza safari, timu ya kutathmini pigo inakutana rasmi. Rodney Rocha, mhandisi wa NASA aliyeiongoza pamoja na mwenzake wa upande wa mkandarasi, anaandika kwa wakubwa wake wa uhandisi akiuliza kama wanaweza kuomba msaada wa nje kupata picha. Hilo ni ombi la pili kwa mpangilio wetu, la tatu likipitia kwa meneja mwingine aliyepiga simu jeshini kuuliza utaratibu. Ombi la Rocha lilipitia mlango wa idara yake ya uhandisi, wala si ule wa wasimamizi wa safari. Kosa la karatasi, lakini liligeuka ukuta.

Siku ya 7, Jumatano 22 Januari

Asubuhi Hale awasiliana na mwakilishi wa jeshi, na jeshi laanza kujipanga. Linda Ham, mwenyekiti wa kamati ya uongozi, asikia kuna maombi ya picha. Akauliza ni nani hasa anayezihitaji kwa lazima. Wale aliowauliza hawakumpa jina wala sharti la lazima. Dakika kama 90 tangu jeshi lipokee ombi, likafutwa.

Timu ya kutathmini ikabaki na mtihani usio na jibu: ili wapewe picha walitakiwa wathibitishe kuna hatari, na uthibitisho wa hatari ulikuwa ndani ya picha. Rocha aliandika barua pepe akisema jibu walilopewa si sahihi na linakaribia kutowajibika. Hakuituma kwa wakubwa. Alimwonyesha mwenzake.

Siku hii inastahili kutazamwa kwa kalenda ya upande wa pili. Bodi ya uchunguzi iliwataka NASA wahesabu, baada ya Columbia kupotea ikirudi, kama kulikuwa na njia ya kuwaokoa. Kukimbilia Kituo cha Kimataifa cha Anga haikuwezekana: Columbia ilizunguka kwa mwinamo wa nyuzi 39, kituo kwa 51.6, na mafuta ya kubadili njia kiasi hicho hayakuwemo. Mkono wa roboti haukubebwa. Lakini yalikuwemo mavazi mawili ya kutoka nje, na Anderson na Brown walikuwa wamefunzwa kuyatumia. Mmoja angeweza kushuka ukingoni mwa mlango wa shehena na kuchungulia bawa.

Kikomo kilikuwa makopo ya lithiamu haidroksaidi, yanayonyonya kaboni dayoksaidi ya pumzi. Wakilala sana na kufanya kazi kidogo, yangewafikisha asubuhi ya 15 Februari. Chombo cha Atlantis kilikuwa kinatayarishwa kwa safari ya Machi. Kwa zamu tatu mfululizo na bila kuruka hatua za usalama, kingeweza kuondoka kama tarehe 10 Februari na wanaanga wanne, kikaegeshwa mgongo kwa mgongo na Columbia, na saba wakahamishwa mmoja mmoja kwa mavazi mawili mawili. Njia ya pili ilikuwa kuziba tundu kwa vipande vya chuma vilivyomo chomboni na mifuko ya maji ya kugandishwa, kisha kuomba Mungu. Ya kwanza ilionekana ngumu ila inawezekana. Ya pili ilikuwa bahati nasibu.

Sharti la zote: uharibifu ujulikane bila shaka ifikapo siku ya 7.

Siku ya 8, Alhamisi 23 Januari

Mkurugenzi wa safari atuma barua pepe kwa Husband na McCool, na filamu fupi ya pigo. Sababu iliyotolewa ni kwamba waandishi wa habari wanaweza kuwauliza. Wataalamu wamepitia picha, inasema, hakuna wasiwasi kuhusu paneli wala vigae, jambo hili limeonekana safari nyingine, hakuna wasiwasi wowote wa kurudi. Husband akajibu kwa shukrani.

Kwa hiyo kamanda alijua kuna pigo, na alijua ameambiwa si kitu.

Siku ya 9, Ijumaa 24 Januari

Timu ya tathmini yatoa ripoti yake. Chumba kilijaa, wengine walisimama kwenye ujia. Slaidi zilipangwa hivi kwamba kichwa cha habari kilisema mambo ni salama, na mstari wa chini kabisa, kwa herufi ndogo, ndio uliosema hali halisi ya safari iko mbali sana na data za majaribio. Saa moja baadaye muhtasari ulifikishwa kwa kamati ya uongozi kwa mdomo. Mashaka yote yalikwisha kuchujwa. Likabaki suala la matengenezo: vigae vingapi vitabadilishwa Columbia ikirudi, na ratiba ya safari inayofuata itachelewa siku ngapi.

Siku ya 10 hadi ya 15, 25–30 Januari

Kazi ya juu ilishika kasi. Waridi na ua la mpunga viliwekwa ndani ya kifaa maalumu ili kuona harufu ya ua inabadilikaje bila uzito. Seli za saratani ya tezi dume zilikuzwa ndani ya chombo kinachozunguka, zikafanya mafundo makubwa kuliko yanayopatikana maabara ya ardhini. Ukungu wa maji ulijaribiwa kuzima moto, ili kupata mbadala wa gesi zinazoharibu ozoni. Data nyingi zilitumwa chini palepale, na ndiyo sababu sehemu nzuri ya sayansi ya STS-107 haikupotea.

Tarehe 27 walizungumza kwa redio na watatu waliokuwa Kituo cha Kimataifa cha Anga. Tarehe 28 wakasimamisha kazi. Ilikuwa miaka 17 tangu Challenger, chombo mwenzake wa Columbia, ilipopasuka sekunde 73 baada ya kupaa, na siku moja baada ya kumbukumbu ya watatu wa Apollo 1 walioungua pedini 1967. Husband aliwataja wote na wakakaa kimya.

Siku ya 16, Ijumaa 31 Januari

Kufunga mizigo. Marubani wajaribu mabapa ya kuongozea na vijiroketi vya kurekebisha mwelekeo, vyote vinafanya kazi. SPACEHAB inapangwa kwa ajili ya mtikisiko wa kushuka. Kamati ya uongozi yakutana mara ya mwisho; suala la povu halikuchukua muda.

Siku ya 17, Jumamosi 1 Februari

Saa 2:15 asubuhi, juu ya Bahari ya Hindi. Columbia iko kichwa chini, mkia mbele, kimo cha kilomita 280, mwendo wa kilomita 28,000 kwa saa. Injini mbili za nyuma zinawashwa kwa dakika 2 na sekunde 38. Hapo safari ya kurudi haina breki tena. Kinachofuata ni kuanguka kwa mpango.

Kwenye sitaha ya juu wamekaa Husband, McCool, Chawla na Clark. Chini yao Anderson, Brown na Ramon. Kanda ya video iliyookotwa Texas inawaonyesha wa juu wakivaa glavu na kutazama mwanga wa waridi na chungwa ukizidi nje ya madirisha. Inakatika kabla ya dalili yoyote.

Saa 2:44 chombo chagusa hewa ya juu, kilomita 122, juu ya Pasifiki. Saa 2:48 na sekunde 39, kipimo kwenye boriti ya bawa la kushoto, nyuma ya paneli ya 9, chaonyesha mkazo usio wa kawaida. Houston haikukiona: taarifa zake ziliandikwa kwenye kinasa kilichokuwa ndani ya chombo, kifaa cha zama Columbia ilipokuwa ya majaribio. Hewa moto imekwisha ingia tunduni na kuilamba boriti ya alumini kwa ndani.

Saa 2:53 yavuka pwani ya California magharibi ya Sacramento. Ukingo wa mabawa umepita nyuzi 1,500. Watu waliokesha kuitazama waona vipande vikimeremeta nyuma ya mkia wake wa mwanga.

Saa 2:54 Jeff Kling, aliyekuwa kwenye meza ya mitambo Houston, anamwambia mkurugenzi wa safari LeRoy Cain kwamba vipimo vinne vya joto la haidroliki upande wa kushoto vimekufa. Cain akauliza kama kuna kinachoviunganisha. Hakuna, alijibu. Vinapita njia tofauti za nyaya. Kitu pekee vilichoshirikiana ni kwamba nyaya zote zilipita ndani ya bawa lile.

Muda wote huo rubani wa kompyuta alikuwa akificha tatizo. Bawa la kushoto liliburuta hewa kuliko la kulia, chombo kikataka kugeukia kushoto, kompyuta ikasahihisha kwa mabapa ya nyuma, na yalipozidiwa ikawasha vijiroketi vya kulia. Aliyeangalia mwelekeo peke yake angeona chombo kinakwenda sawa.

Saa 2:58 kigae kinadondoka karibu na Littlefield, Texas. Ndicho kipande cha magharibi zaidi kilichopatikana. Saa 2:59 shinikizo la matairi ya kushoto linapotea kwenye skrini za Houston. Charlie Hobaugh, aliyekuwa akizungumza na wanaanga kwa redio kutoka Houston, awaita, awaambia wameuona ujumbe wa matairi na hawakusikia maneno yao ya mwisho. Husband aitikia kuwa amepokea, anaanza neno jingine, linakatika katikati. Saa 3:00 na sekunde 18, picha za waliokuwa ardhini zinaonyesha chombo kikisambaratika. Ripoti ya NASA ya 2008 juu ya wanaanga ilikuta hewa ya chumba chao ilitoka kwa kasi iliyowazimisha kabla hata ya kushusha vioo vya kofia.

Kennedy, saa ya kutua iliyopangwa, saa 3:16, familia zilikuwa kando ya njia ya ndege. Houston, Cain alikwisha kuamuru milango ifungwe: hakuna kutoka, hakuna kupiga simu, kila mtu aandike na kuhifadhi data zilizo mbele yake. Huo ndio utaratibu wa ajali, na ulianza kufuatwa wakati wengine bado wanaita redioni.

Baada ya safari

Zaidi ya watu 25,000 walishiriki kutafuta mabaki, mashariki ya Texas na magharibi ya Louisiana, wakitembea misituni kwa mstari, kila mtu na hatua zake. Walionywa wasiguse matangi: mafuta ya vijiroketi ni sumu kali. Mabaki ya wanaanga wote saba yalipatikana Texas. Tarehe 27 Machi helikopta ya utafutaji ilianguka na kuua wawili. Vilikusanywa vipande karibu 84,000, uzito wa kilo 38,500, sawa na asilimia 38 ya chombo. Zilipatikana kurasa 37 za shajara ya Ramon. Walipatikana pia minyoo wadogo wa maabara ndani ya makopo yao, wazima.

Kinasa kile cha zamani kiliokotwa 19 Machi karibu na Hemphill, tepu yake inasomeka. Kikaonyesha kila waya ulikatika sekunde gani, na kwa kuzipanga sekunde hizo wachunguzi walirudi nyuma hadi paneli ya 8.

Bado kulikuwa na walioshikilia kwamba povu haliwezi kutoboa paneli. Tarehe 7 Julai, San Antonio, bunduki ya hewa ilirusha povu la robo tatu ya kilo kwenye paneli ya 8 iliyokwisha kuruka na chombo kingine, kwa kilomita 850 hivi kwa saa. Likatoboa tundu la takriban sentimita 41 kwa 43. Waliokuwepo walipigwa butwaa. Ripoti ya bodi ya Admirali Harold Gehman ilitoka 26 Agosti 2003, ikaweka lawama nusu kwa povu na nusu kwa namna NASA ilivyoamua mambo yake.

Kabari za povu ziliondolewa, miguu ile ikawekewa vipasha joto vya umeme kuzuia barafu. Discovery, chombo mwenzake wa Columbia, ilipoondoka 26 Julai 2005, sekunde ya 127 povu la mahali pengine kwenye tangi likabanduka, karibu nusu kilo, likakikosa chombo. Safari zikasimama tena mwaka mzima. Na siku ya pili ya kila safari iliyofuata ilitengwa kwa kazi moja: mkono wa roboti, ukiongezewa boriti ya mita 15 yenye kamera na leza, ulipitishwa paneli kwa paneli, 22 kulia na 22 kushoto, saa kadhaa, picha zikitumwa Houston bila mtu kulazimika kuziomba.